Shemeji Alikuja Kunirudisha Usoke

Baba Kabula,

Nimenenepa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliona kabla hata hujaniuliza hali. Gauni la kitenge nililovaa kwenye harusi ya mwanetu Masanja halifungi tena mgongoni. Binti yako amelifumua ubavuni, akatia kipande cha kitambaa kingine, huku akicheka peke yake kwenye cherehani. Mimi niliona haya. Halafu nikajiuliza, haya namwonea nani? Mwenye kunitania hayupo. Nikalivaa.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko wangu unaujua, mistari hupanda kilima ikateremka. Kabula yuko shuleni anafundisha, wajukuu wako nao wako madarasani, nyumba imetulia, na mimi nimekaa barazani kwake hapa Ng'ambo, mjini Tabora, na kikombe cha chai ya tangawizi. Kwa jua hili, kule Usoke ningekuwa nimepinda mgongo namwagilia kitalu cha tumbaku.

Ulipotutoka, nilibaki kwenye ile nyumba mpaka mavuno yalipokwisha. Watu walikuja, wakalia nami, wakarudi makwao. Mgeni wa mwisho alipoondoka ndipo nilipojua nyumba yetu ina ukimya kiasi gani. Nilikuwa nalala nikisikiliza kikohozi chako. Kikohozi kilekile nilichokichukia miaka yote, nilichokuwa nakigeuzia mgongo na kujivutia shuka. Nilikitegea sikio, hakikuja. Nikaacha kupika. Kwa nini nipike? Nilikuwa natafuna michembe mikavu ya viazi na maji, basi siku imekwenda.

Kabula alipokuja likizo akanikuta hivyo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, twende mjini wiki moja upumzike." Nikafunga kanga mbili na sweta.

Ile wiki moja, mume wangu, haijaisha hadi leo.

Usidhani nilikuja kwa furaha. Maneno yako nilikuwa nayo kichwani: "Mjini hakuna hata pa kutemea mate." Siku za kwanza nilikaa chumbani kama mgonjwa. Pikipiki zikipita nashtuka. Nikitazama nje naona kuta, naona mabati, naona watu wasio na mwanzo wala mwisho. Nilimwambia Kabula, mwanangu, nirudishe nikafie kwetu. Akasema sawa, Jumamosi.

Kabla ya Jumamosi, nikafungua bomba.

Utanicheka. Kabula alikuwa ameniachia sahani nioshe, nikazungusha lile bomba la uani, maji yakatoka, nikafunga. Nikafungua tena. Nikasimama pale na mkono chini ya maji. Nilikumbuka ndoo, nilikumbuka kisima chetu kinavyokauka kabla ya mvua, nilikumbuka shingo yangu. Sahani zilichukua asubuhi nzima. Hayupo aliyenisubiri.

Kutoka hapo ndipo nilipoanza kutoka nje, kidogo kidogo, kama kuku mgeni. Jirani yetu ni Mama Zuhura, mjane kama mimi, Mmanyema, babu zake waliingia mji huu na misafara kutoka ng'ambo ya ziwa. Alinikuta nimesimama mlangoni nachungulia, akasema, "Dada, barabara haiumi. Njoo ukae." Akanisogezea mkeka. Tangu siku hiyo tunakaa pamoja alasiri, tunachambua mchele, tunatazama wanaopita. Baba Kabula, sikujua kwamba kutazama watu wanaopita ni kazi, tena kazi tamu. Nani kashona nini, nani kanunua godoro, mzee gani kapanda bajaji akashika kofia yake kwa mikono miwili.

Na nyuma ya nyumba yake kuna tanuri la mikate. Alfajiri harufu inaingia dirishani kabla ya mwanga. Naamka kwa harufu! Miaka yote nimeamka kwa moshi wa bani, moshi wa kukausha majani yale, moshi uliokula kifua chako, leo naamka kwa harufu ya mkate.

Nimejifunza na soko. Kule kwetu nikipita njiani mimi ni mke wa fulani, mama wa fulani, mkwe wa fulani, na kila mmoja ana lake la kuniuliza. Hapa nikiingia sokoni mimi ni mama tu anayechagua bamia. Nachagua taratibu. Muuza asali ananionjesha kwa kijiti, naonja ya kwanza, najifanya nimesahau, naonja ya pili. Migebuka, samaki wa ziwani, inashuka na treni kutoka Kigoma, nanunua, natembea nayo imefungwa kwenye gazeti, simjui mtu, hanijui mtu, na moyo wangu mwepesi. Jumamosi harusi zinapita na matarumbeta juu ya pikapu, wanawake wote tunatoka mbio barabarani, mwingine ana mwiko mkononi, tunapiga vigelegele kwa bibi harusi tusiyemjua hata jina. Halafu tunarudi jikoni kama hakuna kilichotokea.

Mikono yangu imetakata. Ule weusi wa gundi ya tumbaku, uliokuwa umeingia kwenye ngozi kiasi kwamba nilidhani ndiyo rangi yangu, umeondoka. Wakati mwingine navitazama vidole hivi kama vya mtu mwingine.

Nilikuwa naogopa kukuambia haya. Siku niliyocheka kwa sauti mara ya kwanza, Mama Zuhura aliniigiza ninavyovuka barabara, nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaingia chumbani nikalia. Nilisema, mtu wangu yuko chini ya udongo, mimi nachekea barabarani. Lakini nikakumbuka ile siku tulipokuleta hospitali kwa ajili ya kifua. Tulikaa kwenye benchi nje tukingoja kuitwa, muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe, ukamwita. Ulikunywa ukafumba macho. Ukasema, "Mama Kabula, kumbe watu wanaishi." Ukaongeza kikombe kingine. Na jioni ileile ukataka turudi Usoke, eti kwa ajili ya mbuzi.

Ungekaa siku moja zaidi... Basi. Niache hapo.

Sasa nikueleze habari ya mdogo wako.

Maganga alikuja bila kusema anakuja. Nilikuwa natoka kwenye sala za jumuiya, nikamwona amekaa hapa barazani, kofia magotini, begi dogo kando ya mguu. Nilijua amefuata nini. Masanja alikuwa ameninong'oneza kwenye simu kwamba maneno yamekuwa mengi kijijini. Wengine wanasema nimekutupa. Wengine wanasema nimenawiri mno kwa mjane, lazima kuna mwanaume.

"Mwangaluka, shemeji," nikamwamkia.

"Mwangaluka," akajibu, lakini hakunitazama usoni. Nikampa maji. Akanywa, akafuta mdomo, akasema kama mtu aliyekariri njia nzima: "Shemeji, ukoo umekaa. Tumekubaliana urudi kabla ya mvua. Mji wa kaka kule Usoke umepoa. Vitalu vinakusubiri. Kesho tunapanda basi la asubuhi, mimi na wewe."

Kabula akatokea jikoni, akapiga goti, "Shikamoo, baba mdogo." Akaitikia "Marahaba, mwanangu," na Kabula akanitazama kwa jicho la kuniuliza, mama, nimjibu mimi? Nikamkatalia kwa kichwa.

Unanijua. Miaka yote ukoo wenu ukikaa na kukubaliana, mimi niliitikia ndiyo. Siku hiyo, "ndiyo" haikutoka. Na "hapana" nayo haikutoka. Nikatafuta la kusema, nikaona ndevu zake. Baba Kabula, mdogo wako alikuwa na ndevu za kila upande, nyeupe na nyeusi, kama mtu aliyelala porini. Tangu tukuzike nadhani hakujitazama kwenye kioo. Nikasema, "Shemeji, mambo mazito haya siyazungumzi na mtu mwenye ndevu hizo. Twende kwa kinyozi kwanza."

Alikasirika. Akasema hakuja kunyolewa. Lakini aliogopa nikitoka peke yangu nitamkimbia, hivyo akanifuata.

Kinyozi wetu ni kijana mpole, ana kiti kinachozunguka na redio. Alimlaza Maganga, akamfunika kitambaa, akamkanda uso kwa taulo la moto. Maganga akashika mikono ya kiti kama anang'olewa jino. Taulo la pili, mikono ikalegea. Kijana alipoanza kumpaka povu, mdogo wako alikuwa anakoroma.

"Mama, nimwamshe mzee?" kijana akaniuliza.

"Mwache," nikasema. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama amelala. Uso ulipotoka chini ya zile ndevu, ulikuwa uso wako. Ile mistari miwili ya mashavuni. Nikageukia barabarani kwa muda, nikajifanya natazama magari.

Alipoamka alijipapasa kidevu njia nzima. Hakusema neno la basi. Tukapita kwa mkamua miwa, yule mwenye mashine ya gurudumu kubwa, anaweka muwa, ndimu na tangawizi, juisi inashuka kwenye glasi yenye barafu. Maganga aliinama kuitazama mashine kutoka chini, kutoka juu, akauliza maswali mengi kuliko wateja wote. Akanywa. Meno yakamuuma kwa baridi, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu... unajua tangu lini.

Kwenye baraza la kahawa, karibu na zile nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, wazee wakamwamkia. Mmoja alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, wakaanza Kinyamwezi. Wakamkaribisha, wakampa kikombe na kashata, wakamwingiza kwenye ubishi wa mpira kuhusu timu mbili za Dar ambazo najua hajawahi kuziona zikicheza. Akabisha kwa nguvu! Akasimama kabisa. Mimi nikaenda sokoni nikachagua nyanya, nikarudi, bado anabisha. Nikamwambia shemeji, tunachelewa chakula. Akasema, "Tangulia, njia naijua." Njia anaijua! Mtu aliyefika asubuhi ileile.

Alirudi jua linazama, amekunja shati mikono. Tulikula migebuka na ugali hapa barazani, na taa za barabarani zikawaka zote kwa pamoja kama kawaida yake. Nikaona amezitazama muda mrefu. Sasa nikajipa moyo. Kabula aliingiza watoto ndani, akatuacha.

Nikamwambia, "Shemeji, sirudi kulima tumbaku."

Nikaendelea, maana nikisimama sitaendelea tena. Nikasema, "Nimeilima tangu nilipoolewa. Sikumkimbia kaka yako, nilimuuguza, nilimfumba macho kwa mkono huu. Mwanaume sina wala simtafuti. Nimepata usingizi hapa, ndicho nilichopata. Nyie ukoo wenu mnajisifu babu zenu walitembea na mizigo mabegani mpaka Bagamoyo na kurudi. Hakuna aliyewaambia wamewatupa wafu wao. Mimi nimefika Tabora tu, mnasema nimepotea?"

Nilingoja anifokee. Badala yake akaanza kuzungusha kofia. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Kila asubuhi nikienda shamba napita mbele ya mlango wake. Hakuna moshi. Hakuna mtu wa kuniambia, wewe Maganga, mbona umechelewa kama mwari. Napita kwa mbio, shemeji. Mtu mzima mimi, napita kwa mbio."

Akalia. Mdogo wako, anayechinja ng'ombe bila kukunja uso, alilia hapa barazani, watu wanapita, na hakuna aliyesimama kushangaa. Mama Zuhura aliona kutoka kwake, akaingia ndani akafunga mlango taratibu.

Ndipo nikaelewa kilichomleta. Kitalu kilikuwa kisingizio na ukoo ulikuwa kisingizio. Alidhani akinirudisha mimi, na moshi ukapanda tena pale jikoni, kipande chako kitakuwa kimerudi. Nilikuwa nimemwogopa siku nzima, kumbe tunaomboleza mtu mmoja, yeye kule peke yake na mimi huku. Nikamwambia, "Kulia nitakuja tulie wote wakati wowote. Kulima, hapana." Akaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso na shati. Kisha akauliza kama kahawa ile huwa wanaanza saa ngapi.

Basi la asubuhi halikumpata. Wala la mchana. Alikaa siku kadhaa, akapitia baraza, akapitia stesheni kutazama treni ikiingia, akanunua redio ndogo. Aliporudi Usoke aliwaita wazee, akawaambia kwamba mke wa marehemu anakaa Tabora kwa ruhusa yake yeye Maganga, na mwenye neno amfuate yeye. Kwa ruhusa yake! Nilipoambiwa nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini maneno yalikoma siku hiyohiyo, na usingizi nilioupata usiku ule, Baba Kabula, sijawahi kuupata tangu niwe mwanamke. Kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Na akafanya jambo moja la akili. Alimwambia Masanja ahamie na mkewe kwenye nyumba yako badala ya kujibana kwenye vile vyumba vyao viwili. Wamehamia. Mkwe wako ananipigia simu, ananiambia amepaka kuta chokaa, na kwamba baba mdogo anasimama kila asubuhi mlangoni kuomba maji ya kunywa hata kama hana kiu. Masanja anasema mwaka huu atapunguza tumbaku, aongeze alizeti na mizinga ya nyuki. Sijui. Mwache ajaribu.

Maganga sasa anakuja kila mwezi unapogeuka. Anasema anakuja kuniangalia kwa niaba ya ukoo. Mwongo. Anashuka kwenye basi anakwenda moja kwa moja kwa kinyozi, na mimi ananiona jioni, ananukia, anachekacheka.

Wewe tu ndiye hukupata haya. Hilo bado linaniuma na sitakudanganya kwamba limepona. Kuna jioni upepo unapotulia, Mama Zuhura kaingia kuswali, na mimi nakugeukia ubavuni nikuonyeshe mtu fulani anavyotembea. Nakugeukia kabisa. Lakini haliniangushi tena chini kama zamani. Linapita, nami nabaki nimekaa.

Sasa nakuaga, mume wangu, watoto wanakaribia kutoka shule na watataka kula. Siku ya kuwaombea marehemu nitakuja Usoke pamoja na Kabula. Tutapalilia, tutakuwekea mawe pembeni vizuri kabla mvua hazijakaza, Maganga atakaa nasi, na tutakuambia kila kitu, hata ya mpira. Nakuahidi pia hili, ili wewe na wazee waliokutangulia mtulie: hata nizeeke vipi huku, sitazikwa mjini. Nimeshamwambia Kabula na Masanja, wote wamesikia. Mahali pangu ni kando yako, upande wa kushoto kama tulivyokuwa tunalala.

Nitakuja, Baba Kabula. Ila usinikalie macho. Sina haraka.

Ni mimi mkeo,
Kashindye